Tupeane uzoefu: launji za viwanja vya ndege, ni nini kilikufungulia mlango?

Mwenye mada

Wakuu, salamu. Nimeona tukusanye hapa uzoefu wetu wa launji, vile vyumba vya kupumzikia abiria uwanjani, maana kila nikiuliza napewa habari za chakula na makochi. Chakula kina nafasi yake, lakini kwa sisi tunaotoka Dar, Nairobi, Entebbe au Bujumbura na kuunganisha ndege njiani, la kwanza kujua ni uliingiaje.

Milango ninayoijua ni mitatu. Upo wa tiketi yenyewe, yaani daraja la biashara. Upo wa hadhi, ile unayopanda kwa kukusanya maili za shirika moja hadi ukapewa kadi ya Gold au jina jingine. Na upo wa kadi ya benki au uanachama wa kulipia kama Priority Pass, walioanza mwaka 1992. Hadhi inatazama ndege unayopanda siku hiyo: kadi ya Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, haikusaidii kitu ukiwa na tiketi ya Emirates. Kadi ya benki haijali unapanda ndege gani, ila launji ikijaa wewe ndiye wa kwanza kuambiwa usubiri nje. Watu wengi hawaambiwi tofauti hii mpaka wafike mlangoni.

Nianze na Addis Ababa, ambako ndiko napita zaidi. Ethiopian wako Star Alliance tangu 2011, na launji yao ya daraja la biashara pale uwanja wa Bole inaitwa Cloud Nine. Ninachokipenda ni kahawa. Kuna dada amekaa kwenye kigoda, nguo nyeupe ya pamba yenye pindo la rangi, anakaanga buni mbele yako, anaitwanga, anaipika kwenye jebena, birika la udongo, na kumimina kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono. Moshi wa buni unakufikia kabla hujatafuta kiti. Injera ipo, na mabafu yapo, lakini asubuhi jiandae kwa foleni: ndege za Ulaya na Marekani zinatua kwa pamoja na za kwenda kusini na mashariki mwa Afrika zinaondoka saa chache baadaye, hivyo kila mtu anataka kuoga saa ile ile. Ukitua tu, andikisha jina la bafu kwanza, kahawa baadaye.

Karibuni. Semeni mlivyoingia, mgeni wenu aliruhusiwa au la, na kama mngerudia.

Nesi wa Virginia

Asante kwa mada, kaka. Mimi naishi karibu na uwanja wa Dulles na nyumbani ni Moshi, kwa hiyo njia yangu ni Washington, Addis, Kilimanjaro. Nina Gold ya ShebaMiles, mpango wa Ethiopian, na kuna jambo Watanzania wengi wa huku hawalijui.

Mmarekani mwenye Gold ya United, akipanda ndege ya ndani ya Marekani, haingii launji ya United kwa hadhi hiyo. Wamemfungia ili anunue uanachama wa launji. Lakini mwenye Gold ya shirika jingine la Star Alliance, liwe Ethiopian au Turkish, anaingia hata akiwa anatoka Washington kwenda Denver kwa daraja la kawaida, na mgeni mmoja juu yake, ilimradi wote wawili wanapanda ndege ya Star Alliance siku hiyo. Mara ya kwanza nilipojaribu, mhudumu alitazama simu yangu, akatazama pasi ya kupandia, akamwita mwenzake, kisha wakatukaribisha mimi na mwanangu. Pale kwenye pasi panatakiwa paandikwe Star Gold, yaani Gold inayotambulika Star Alliance nzima. Kama hapajaandikwa, nenda kaunta waingize namba yako ya uanachama kabla ya kupita ukaguzi, ubishi wa mlangoni unachosha.

Ila nisiwadanganye, launji peke yake isingenifanya nikae na shirika moja miaka yote hii. Kilichoniweka ni mzigo. Star Gold anaongezewa begi moja pale wanapohesabu mabegi, au kilo 20 pale wanapopima uzito. Mtu anayerudi nyumbani Desemba na zawadi za ukoo mzima anaelewa maana ya begi la tatu bila kulipa.

Tahadhari moja: tiketi za bei ya chini kabisa hazikupi maili zote za umbali, zinakupa asilimia tu. Washington hadi Addis ni kama maili 7,000 kila upande, lakini usizihesabu zote kuwa zako kabla hujasoma herufi ya tiketi, ile inayoonyesha kundi la bei yake.

Mfanyabiashara wa Gikomba

Dada umenena, mambo ni mzigo. Mimi ni mtu wa Dubai, naenda kuchukua bidhaa. Emirates hawako kwenye muungano wowote, wana mpango wao wa maili, Skywards. Silver ni maili 25,000 za hadhi au safari 25 za ndege kwa mwaka, Gold ni 50,000 au safari 50. Silver inakuingiza launji ya biashara pale Dubai peke yake, na unaingia wewe tu. Ukiwa Nairobi na Silver, kaa kwenye viti vya wote kama sisi. Gold ndiyo inakupa mgeni na launji za viwanja vingine.

Lakini kilo! Silver wanakuongezea 12, Gold 16. Mwenye biashara akipiga hesabu ya kulipia kilo za ziada, ataona launji ni kama nyongeza ya muuzaji nyanya, unaipokea kwa furaha ila siyo uliyoijia sokoni.

Uzuri wa pale Dubai, Konkosi A (jengo la mageti) ya Terminali 3, ni kwamba launji imekaa juu ya mageti, unashuka moja kwa moja hadi kwenye ndege. Ukiwa umezunguka masoko ya Deira siku nzima, miguu itashukuru.

Na wale wanaonunua bizinesi ya bei nafuu, someni vizuri. Tiketi yao ya biashara inayoitwa Special haina launji ndani yake. Qatar nao wana Lite, hali ni hiyo hiyo. Unalala kitanda bapa angani, lakini chini unasubiri na kila mtu.

Mpwani wa Muscat

Assalaam alaykum jamaani. Hapo kwenye Qatar nimuunge mkono bwana wa Gikomba, nami nitilie neno, maana watu hurudi Doha na hasira bila sababu.

Sie tulio Oman tulikuwa na Sindbad, mpango wa maili wa Oman Air, na nje ya ndege zao na washirika wachache ikitusaidia kidogo. Tarehe 30 Juni 2025 Oman Air wakaingia oneworld, muungano mwengine wa mashirika ambamo Qatar wamo, na kadi ile ile ikaanza kufungua milango ya Doha, London na kwengineko. Kwa mtu mwenye ndugu Unguja, Muscat na Uingereza, hili ni jambo kubwa sana.

Ila Doha kuna milango miwili. Al Mourjan, ile kubwa yenye maji katikati na ngazi ya kuzunguka ya kupandia mgahawani, ni ya aliyekata tiketi ya daraja la biashara. Ukiwa na hadhi ya Sapphire ya oneworld lakini umekaa daraja la kawaida, wanakupeleka launji nyengine za wanachama. Si kwamba umekataliwa, ndio utaratibu wao. Chakula kipo, pa kuoga papo, nafasi ndio ndogo.

Mie kwa moyo wangu napenda zaidi launji ya Muscat. Uwanja mpya ulifunguliwa Machi 2018, pana utulivu, na kahawa ya Kiomani na tende unazikuta. Nikimpeleka mama Unguja huwa anakaa pale, anasali kwa raha, hakuna wa kumharakisha.

Kijana wa Kijitonyama

Mimi nina malalamiko. Benki yangu, siitaji, waliniuzia kadi ya juu kwa maneno ya launji bure duniani kote. Nafika uwanjani na mke wangu, mashine inaikataa kadi. Kumbe ilitakiwa isajiliwe kwenye programu ya simu, na aliyeniuzia hakusema hata neno. Safari iliyofuata tukaingia wote, nikafurahi. Mwisho wa mwezi nakuta nimekatwa dola za mgeni. Nimewaandikia, wanasema vigezo na masharti. Nimeumia kweli, kwa sababu nililipa ada ya mwaka nikiamini tumelipiwa wote wawili.

Mwenye mada

Pole sana ndugu. Hili linawapata wengi na lawama ni ya anayeuza bila kueleza. Ukiletewa kadi ya namna hiyo, mwambie afisa akuandikie mambo manne kwa barua pepe: ni mara ngapi kwa mwaka bure, mgeni analipiwa au la, inasajiliwa wapi, na unaruhusiwa kuingia saa ngapi kabla ya ndege kuondoka. Launji nyingi za kadi hazikuruhusu kuingia mapema zaidi ya muda wa saa tatu kabla.

Hata Marekani wanabana. American Express Platinum, ambayo ada yake sasa ni dola 895 kwa mwaka, tangu Februari 2023 mgeni wa launji zao za Centurion analipiwa dola 50 isipokuwa mwenye kadi awe ametumia dola 75,000 kwa mwaka. Na tangu Februari 2025 wenye kadi hiyo wana ukomo wa kuingia Delta Sky Club, launji za shirika la Delta, mara 10 kwa mwaka. Kadi zimekuwa nyingi kuliko viti.

Wa Kigali

Mimi kwa ufupi. RwandAir hawamo kwenye muungano, kama Air Tanzania, kwa hiyo hadhi yao haikufungulii launji za muungano. Ndiyo maana nilihamia Miles&Smiles, mpango wa maili wa Turkish. Elite yao ni Star Gold, maili 40,000 za hadhi ndani ya miezi 12. Istanbul wana launji mbili kubwa, moja ya tiketi za biashara na moja ya wanachama. Pide, mkate wa Kituruki, inaokwa mbele yako na mezani inafika bado inatoa mvuke. Ukiwa na saa nyingi, waulize kuhusu Touristanbul, wanakutembeza mjini bila malipo. Launji ni nzuri, lakini kama muda unatosha, tokeni nje mwone mji.

Mzaliwa wa Mwanza

Naomba ushauri. Mama anakuja Minneapolis kwa mara ya kwanza, Dar, Amsterdam, halafu huku. Ana miaka sabini na zaidi, atasubiri Schiphol, uwanja wa Amsterdam, saa kadhaa. Nimnunulie Priority Pass?

Nesi wa Virginia

Usinunue kwa safari moja, mdogo wangu. Mpango wa chini ni dola 99 kwa mwaka na kila akiingia unalipa 35 juu yake. Launji ya KLM, Crown 52, kwa kawaida inataka tiketi ya biashara au Gold na kupanda ya Flying Blue, mpango wao wa maili. Lakini Schiphol kuna launji ya kulipia, Aspire namba 41, upande wa abiria wasioingia Schengen (eneo la Ulaya lisilo na ukaguzi wa mipaka ya ndani), ambako ndiko mama atakuwa. Mlipie hiyo mapema kwenye mtandao kwa saa zake zile.

Halafu piga simu kwa shirika, angalau saa 48 kabla, uombe kiti cha magurudumu. Hakilipiwi. Atapokelewa mlangoni mwa ndege na kusukumwa hadi geti la pili, na akiwaonyesha karatasi ya launji awaombe wampitishe pale. Mwandikie jina la launji na namba ya ndege kwa herufi kubwa, aweke kwenye pochi pamoja na pasipoti.