Fidia ya magari ya dizeli yaliyodanganya vipimo vya moshi: kwa nini Mmarekani alilipwa vile na sisi hivi?

Swali la Mwenye Dizeli

Ndugu zangu, naomba mwongozo kutoka kwa wale waliolifuatilia suala hili kwa karibu. Ninaishi Ujerumani na nina gari la familia la injini ya dizeli, nililolinunua likiwa limekwisha kutumika, kwa sababu muuzaji alinihakikishia kwamba halili mafuta na moshi wake ni safi. Baadaye nilipokea barua ya kunitaka nilipeleke gereji likabadilishiwe programu ya kompyuta ya injini, na barua yenyewe iliandikwa kwa upole mno, kana kwamba ni mimi ninayefanyiwa hisani. Kampuni iliyoliunda sitaitaja, maana wakili bado anayapitia madai yangu.

Kinachonisumbua ni hiki. Kila nikisoma habari za kashfa ya Volkswagen iliyofichuka mwaka 2015, naona kwamba wamiliki wa Marekani walinunuliwa magari yao na kuongezewa maelfu ya dola juu yake, ilhali wengi wa Ulaya waliambulia programu mpya tu. Je, tofauti hii ilitokana na sheria, na umahiri wa mawakili, au ni dharau tu? Na mtu ambaye gari lake limekwisha kutembea kilomita nyingi, anabakiwa na fidia yoyote ya maana baada ya makato ninayoyasikia?

Jibu la Mpenda Hukumu

Ndugu Mwenye Dizeli, mawakili hodari walikuwapo pande zote mbili za bahari. Kilichotofautiana ni ukubwa wa rungu lililokuwa mkononi mwa serikali. Tarehe 18 Septemba 2015, Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, liliiandikia Volkswagen notisi ya kukiuka Sheria ya Hewa Safi, likitaja magari yapatayo 482,000 yenye injini ya dizeli ya lita 2.0. Wakati huo faini ya juu ilikuwa dola 37,500 kwa gari moja. Zidisha mwenyewe, utafika kama dola bilioni 18, na hapo bado wateja hawajafungua mdomo. Kampuni inayotazamana na hesabu ya namna hiyo haikai kungoja hukumu.

Ndiyo maana kufikia Juni 2016 suluhu ilikuwa imetangazwa, na Jaji Charles Breyer wa San Francisco akaiidhinisha mwezi Oktoba mwaka huohuo. Zilitengwa hadi dola bilioni 10.03 kwa ajili ya wamiliki, mbali na bilioni 2.7 za mfuko wa kupunguza uchafuzi wa hewa na bilioni 2 za kuendeleza magari ya umeme. Mmiliki alilipwa thamani ambayo gari lake lilikuwa nayo kabla ya kashfa kufichuka, kisha akaongezewa fedha taslimu, kuanzia dola 5,100 hadi karibu 10,000. Zingatia hayo maneno "kabla ya kashfa", kwa kuwa ndiyo yaliyomwokoa mmiliki. Hakuna aliyemwambia kwamba gari lako limeshuka bei, basi chukua kilichobaki. Tena, katika kesi ya pamoja ya Kimarekani unahesabiwa kuwa ndani mpaka wewe mwenyewe useme kwamba unajitoa, hivyo hata asiyewahi kumwona wakili alikuwa na haki yake.

Sharti mojawapo lilikuwa kwamba gari linalorudishwa liweze kutembea kwa nguvu ya injini yake, na kwa kuwa binadamu ni binadamu, walikuwapo waliolisoma sharti hilo kwa ujanja, wakang'oa milango na bampa kabla ya kulipeleka, hadi jaji mwenyewe akalazimika kuonya kwamba hayo siyo yaliyokusudiwa.

Jibu la Fundi wa Injini

Naomba niongeze upande wa ufundi, kwa sababu sehemu ya jibu la swali lako imo humo, na wanasheria huipita haraka.

Injini ya dizeli inapounguza mafuta kwa ufanisi na kwa joto kali, huzalisha oksidi za nitrojeni. Kuzipunguza kuna gharama kwa njia yoyote utakayoichagua: ukirudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, masizi yanaongezeka, ukitumia mtego wa kuzinasa oksidi hizo, lazima injini imwagiwe mafuta ya ziada mara kwa mara ili mtego ujisafishe, ukitumia kimiminika cha urea, mteja atalalamika kwamba anakijaza kila wakati. Programu ya Volkswagen ililikwepa tatizo hili kwa kufanya usafi wakati wa mtihani tu. Kwa mujibu wa notisi ya EPA, kompyuta iliangalia nafasi ya usukani, mwendo wa gari, muda ambao injini imekuwa ikifanya kazi na kanieneo ya hewa. Gari linapopimwa huwekwa juu ya magurudumu ya mashine, matairi yanazunguka lakini usukani haukatwi kushoto wala kulia, na mwendo unafuata ratiba inayojulikana na kila mtengenezaji. Kompyuta ikishaona hivyo inajua kwamba iko mbele ya mwalimu. Barabarani, moshi ulifikia hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa Marekani.

Walioufumbua ufichaji huu hawakufanya miujiza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walifunga vipimo vinavyobebeka ndani ya magari yenyewe na kuyaendesha barabarani kama anavyoendesha mtu yeyote. Volkswagen aina ya Jetta ilitoa oksidi za nitrojeni mara 15 hadi 35 ya kiwango, na ile ya Passat mara 5 hadi 20, na matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014.

Sasa tuje Ulaya. Kiwango cha Marekani cha oksidi hizo kilikuwa kama miligramu 43 kwa kilomita, wakati kile cha Ulaya kiitwacho Euro 5, ambacho magari mengi ya injini ya EA189, ile ya Volkswagen iliyohusika na kashfa, yaliuzwa chini yake, kilikuwa miligramu 180. Ukiwa na nafasi pana kiasi hicho, unaweza kudai kwamba programu mpya inatosha, na mamlaka za Ulaya zikakubali. Kwa injini ya lita 1.6 kiliongezwa kipande kimoja tu, bomba fupi la plastiki lenye wavu ndani yake, linalowekwa mbele ya kihisio cha hewa ili mkondo wa hewa utulie na usomwe vizuri. Kipande chenyewe unakishika kiganjani. Kule Marekani hakukuwa na bomba la plastiki ambalo lingeyafikisha magari mengi ya zamani kwenye kiwango, kwa hiyo kuyanunua ndiyo njia iliyobaki.

Kuhusu gari lako, weka kumbukumbu. Magari ya kampuni mbalimbali huletwa kwetu baada ya programu kubadilishwa, na nimefungua vali za kurudisha moshi zilizoganda masizi kiasi kwamba kibati cha ndani hakisogei. Lakini sitakudanganya: vali iliyokwisha kutembea kilomita nyingi huziba hata bila programu mpya, na mtengenezaji atalisema hilo mahakamani kabla hujakaa vizuri. Bila risiti za gereji za kabla na za baada, pamoja na karatasi inayoonyesha toleo la programu, utabaki na hasira tu.

Jibu la Mdai Mstaafu

Mimi nilikuwa mdai hapahapa Ujerumani, shauri langu limekwisha, basi nijibu lile swali lako la makato.

Kwanza fahamu kwamba kwa miaka mitatu baada ya kashfa kila mwenye gari Ujerumani alilazimika kwenda mahakamani peke yake. Sheria ya kuruhusu chama cha walaji kufungua kesi kwa niaba ya wengi ilianza kutumika tarehe 1 Novemba 2018, dakika za mwisho kabisa kabla ya madai kupitwa na wakati. Kesi hiyo iliishia kwa suluhu Februari 2020: Volkswagen ilitenga euro milioni 830 kwa wamiliki wapatao 260,000, na kila mmoja alipewa kati ya euro 1,350 na 6,257 huku akibaki na gari lake. Linganisha na Marekani, halafu unywe maji.

Tarehe 25 Mei 2020 Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua kwamba Volkswagen iliwadanganya wanunuzi kwa makusudi na kinyume cha maadili mema, na kwamba mnunuzi anaweza kurudisha gari na kudai fedha zake. Mdai wa kesi ile alinunua Volkswagen aina ya Sharan mwaka 2014 kwa euro 31,490, akapewa euro 25,616, maana kilomita alizoendesha zilikatwa. Kukata huko hufanywa hivi: chukua bei uliyolipa, zidisha kwa kilomita ulizoendesha wewe, kisha gawa kwa kilomita ambazo gari lilitarajiwa bado kutembea siku uliponunua. Tuseme ulilipa euro 20,000 kwa gari lililokwisha kwenda kilomita 50,000, mahakama ikakadiria uhai wake wote kuwa kilomita 250,000, nawe umeliendesha kilomita 150,000. Makato ni euro 15,000. Unapokea 5,000, na gari unaliacha. Kadiri kesi inavyoburuzwa nawe unaendelea kulitumia gari, ndivyo fidia inavyoyeyuka. Kwa hiyo mtengenezaji hana sababu yoyote ya kuharakisha.

Njia ya pili ilifunguka mwaka 2023. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwezi Machi kwamba hata uzembe wa mtengenezaji, bila ya kuthibitisha makusudi, unaweza kumpa mnunuzi haki ya fidia, na tarehe 26 Juni mahakama ya Ujerumani ikaweka kipimo: asilimia 5 hadi 15 ya bei ya kununulia, nawe unabaki na gari. Inasikika vizuri, ila usifurahi kabla ya kusoma mstari wa pili. Katika mfano wetu, asilimia 10 ni euro 2,000, kwa hiyo gari linahesabiwa kwamba lilikuwa na thamani ya 18,000 siku ya kununua. Faida ya matumizi, euro 15,000, ikijumlishwa na bei ambayo gari lingeuzwa leo, tuseme 6,000, inakuwa 21,000, na kile kinachozidi 18,000 kinakatwa kwenye fidia yako. Kimezidi kwa 3,000, nawe ulikuwa unadai 2,000. Huna kitu.

Kwa hiyo, ndugu, usimwulize wakili wako kama utashinda. Mwulize utashinda na nini mkononi, na akuwekee kila tarakimu mahali pake.

Jibu la Msomaji wa Uingereza

Huku kwetu mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa wale waliokaa kimya. Magari yapatayo milioni 1.2 ya Uingereza yalihusika, lakini suluhu ya Mei 2022, pauni milioni 193, ilikuwa ya wadai wapatao 91,000 waliojiandikisha, na Volkswagen haikukiri kosa. Aliyekuwa na gari lilelile, rangi ileile, na hakujaza fomu, hakupata hata senti. Oktoba 2025 ilianza London kesi nyingine kubwa inayohusu watengenezaji wengine, wakiwamo Mercedes-Benz, Ford na Renault, ambao wote wanakana.

Jibu la Mpita Njia

Nitasema lisilopendwa. Mimi pia nina gari la dizeli la aina hiyo, limenipeleka na kunirudisha bila shida, na kwa kweli sijaona nilichoibiwa. Makato anayoyalalamikia Mdai Mstaafu yana haki ndani yake: gari umelitumia. Mwenye kidonda ni mtoto wa pumu anayekaa kando ya barabara kuu, ambaye hakununua gari lolote, na sijaona mahakama iliyomwandikia hundi.

Jibu la Mpenda Hukumu

Mpita Njia, kuhusu mtoto huyo nakubaliana nawe, ingawa zile bilioni 2.7 za Marekani zilikwenda katika kupunguza moshi wa mabasi, malori na mitambo mingine mikongwe, kwa hiyo yeye naye alikumbukwa kwa mbali. Kuhusu kutoibiwa, hapana. Mahakama ya Ujerumani haikusema kwamba gari lilikuwa bovu barabarani. Ilisema kwamba mnunuzi alifungwa katika mkataba ambao asingeuingia kama angeambiwa ukweli, kwa kuwa gari lenye programu ya udanganyifu lingeweza kuzuiwa kutembea wakati wowote. Mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia hanyang'anywi malalamiko yake kwa sababu mbuzi ametoa maziwa.

Mwenye Dizeli anarudi

Nimewasoma nyote na nawashukuru. Nimefanya hesabu ya Mdai Mstaafu kwa tarakimu zangu, na kwa njia ya kwanza kinabaki kiasi kidogo, kwa njia ya pili hakuna kitu kabisa. Wakati huohuo mtengenezaji ameniletea pendekezo la suluhu kupitia wakili: kiasi cha fedha mara moja, gari nibaki nalo. Kinazidi kile kinachobaki kwa njia ya kwanza. Je, kuna mtego ninaopaswa kuutafuta kabla ya kutia sahihi?

Jibu la Mdai Mstaafu

Itafute sentensi inayosema kwamba unaachilia madai "yote yanayotokana na gari hili". Kama imeandikwa hivyo, basi siku vali ile aliyoitaja Fundi itakapoganda, nayo itakuwa imeingia humo. Mwambie wakili ajaribu kuifinya iishie kwenye programu ya moshi peke yake. Pili, uliza gharama za wakili zinalipwa na nani, maana kama zinatoka kwenye kiasi hichohicho na huna bima ya gharama za kesi, hesabu yako inabadilika. Na tatu, mwulize lini hasa ulihesabika kuwa umejua tatizo hili, kwa kuwa miaka mitatu ya kudai inaanza kuhesabiwa mwishoni mwa mwaka huo, na mtu anayekuchelewesha kwa barua za upole huwa anaijua tarehe hiyo kuliko wewe.