Nachapa kwa vidole viwili, nataka kuhamia vidole kumi bila ya kuharibu kazi dukani. Naombeni ushauri

BintiChake
Assalaam alaykum wanajukwaa. Nafanya kazi kwenye duka la steshenari hapa Chake Chake. Kutwa nachapa barua za watu: maombi ya kazi, wasifu, mikataba ya kuuziana mashamba, karatasi za kupeleka kwa sheha. Natumia vidole viwili tu na kasi ninayo, lakini macho hayatulii. Yanashuka kwenye kibodi, yanapanda kwenye skrini, yakirudi kwenye karatasi ya mteja mstari ushapotea. Na karatasi nyengine zimeandikwa kwa mkono wa haraka, kuzisoma tu ni kazi.

Natafuta nafasi ya ukatibu muhtasi Unguja na najua kwenye usaili kuna mtihani wa kuchapa. Nimeanza kujifunza vidole kumi usiku. Shida yangu ni hii: nikitumia vidole kumi dukani nakwenda polepole mno na mteja amesimama mbele yangu. Nikirudi kwenye viwili, nahisi nafuta nilichojifunza. Nifanyeje? Umeme nao unakatika, na bando si la kuchezea.

KopiDarajani
Waalaykum salaam dada. Mimi nasema viwili uviache leo leo, dukani na nyumbani. Vidole vinafuata vilichozoeshwa. Mimi nilihama hivyo hivyo, wateja walinung'unika mwanzo, kisha wakazoea.

MaalimMstaafu
Ndugu yangu wa Darajani, wewe pengine duka ni lako. Huyu binti kaajiriwa, foleni ikirefuka atakayeulizwa ni yeye. Nimesomesha kupiga chapa tangu zama za mashine za Remington, na wanafunzi wangu wengi walikuwa tayari wana kazi. Mwanangu, sikiliza.

Foleni ikiwepo, tumia viwili bila ya wasiwasi. Ulichojifunza hakifutiki, kinachelewa tu kukomaa. Saa ambazo duka limetulia, baada ya adhuhuri kwa mfano, chapa vidole kumi hata kama ni barua fupi. Siku utakapoona vidole kumi vimekaribia kasi ya viwili, hapo ndipo uache viwili moja kwa moja, na usirudi.

Usiku usijichoshe. Kuna utafiti wa Baddeley na Longman, ulichapishwa 1978, kuhusu wafanyakazi wa posta ya Uingereza waliokuwa wakijifunza kuchapa. Waliofanya saa moja kwa siku walihitaji jumla ya saa chache zaidi kuliko waliofanya saa nne kwa siku. Lakini hao wa saa moja ndio walioridhika kidogo kuliko wote, maana waliona siku zinakwenda na hawafiki. Kwa hiyo ukijiona unachelewa, usidhani njia imekosewa.

Kibodi ina vinundu viwili, juu ya F na J. Vidole vya shahada vikae hapo, na kila kidole kikishapiga herufi ya mbali kirudi kwake. Kisha chukua khanga, funika mikono na kibodi. Utakosea sana siku za mwanzo. Punguza mwendo mpaka makosa yawe machache, kasi itakuja yenyewe. Nimeona wengi wakikimbilia kasi kwanza, makosa yakawaganda mpaka leo.

MwanaWete
Maalim kamaliza. Naongeza kuhusu bando: kuna programu inaitwa Klavaro, ya bure, ukishaipakua haihitaji intaneti, na inakubali matini yako mwenyewe. Hili la mwisho ni kubwa. Masomo mengi yametungwa kwa Kiingereza, unahangaishwa na Q na X ambazo Kiswahili hakina. Sisi A ndiyo inayotumaliza. Angalia kibodi ya dukani kwenu, naamini A ishaanza kufutika.

Na A ni ya kidole kidogo cha kushoto, dhaifu kuliko vyote. Chapa neno Zanzibar uone: Z, A, Z, A, zote nne zake, na ile Z kubwa unabonyeza shifti kwa kidole kidogo cha kulia. Weka maneno ya kazini kwako: kazi, wakazi, shamba, shehia, Mwanakwerekwe, ng'ombe (ile alama ya ng' ni ya kidole kidogo cha kulia). Barua zako za zamani zitakufaa kuliko somo lolote, ila ufute majina ya wateja kwanza.

MamaSalma
Dada, kuhusu mtihani: kasi kwa kawaida haihesabiwi kwa maneno yalivyo. Neno moja ni mibonyezo mitano, nafasi ikiwemo. "Ninakuandikia" peke yake ni zaidi ya maneno mawili. Na soma tangazo vizuri: matangazo ya Serikali ya Muungano kwa mahazili (ndio hao makatibu muhtasi) yamekuwa yakitaka hatimkato, yaani maandishi ya alama za mkato ya kumfuatia anayesema, ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika, na hiyo hutaipata kwa mazoezi ya kibodi. Inataka kusomewa.

BintiChake
Ahsanteni sana, Mwenyezi Mungu awalipe. Kweli, A yetu imefutika kabisa, na K inafuatia. Maalim, nitafuata hilo la saa za utulivu. Ila kidole kidogo cha kushoto kinaniuma nikimaliza, mpaka kwenye kiganja. Niendelee?

MaalimMstaafu
Usiendelee na maumivu, mwanangu. Simamisha siku mbili tatu. Kisha tazama kiti: viwiko viwe usawa wa meza, viganja visilalie ukingo wake. Na usikinyooshe kidole peke yake kuifuata Z, acha mkono mzima usogee kidogo. Kibodi za laptopu zinataka mguso mwepesi, ukizigonga kama mashine ya zamani kidole ndicho kinachoumia. Kikiuma tena baada ya hapo, muone daktari, na utuarifu hapa.