Hivi hawa jamaa wameficha wapi pa kuzimia kompyuta?!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Ni hao hao Microsoft, nani mwingine. Hilo toleo lao la majaribio la Windows 8, la 29 Februari 2012, walilolipigia debe hadi masikio yakaziba, nimelipakua usiku kucha, GB 3.3. Asubuhi hii nikalisakinisha, likakubali, nikataka kuzima mashine niende zangu.

Dakika 40. DAKIKA 40 natafuta pa kuzimia kompyuta!

Kitufe cha Start kilichokaa pale chini kushoto tangu 1995 wameking'oa. Miaka 17 mkono wangu unakwenda pale wenyewe, leo umefika umekuta uwanja mtupu. Kumbe kwenye toleo hili ukitaka kuzima unapeleka mausi kona ya kulia kabisa, unasubiri alama tano zichungulie kwa haya kama mwali, kisha unapanda nazo ukingoni taratibu. Kishale kikipinda kidogo tu, zinayeyuka! Unarudi konani. Zinachungulia. Unapanda. Zinayeyuka! Ukibahatika unabonyeza Settings, halafu Power, hapo ndipo wanakuruhusu kuzima. Kuzima kitu changu mwenyewe!

Na yale mavigae ya rangi ya kufungulia programu, yaliyojaa skrini ya mwanzo! Nimefungua picha moja tu, imevimba ikajaa skrini nzima, alama ya X ya kuifungia haipo. Eti uishike kwa juu uiburute mpaka chini, kama gunia. Haya yote ni ya kuguswa kwa kidole, na skrini yangu ya mezani haisikii kidole, nimeibonyeza hadi ikaacha alama.

Lakini picha nimesamehe. Kuzima sisamehi. Dakika 40, wakuu.

Panya Kavu: Alt na F4 ukiwa kwenye desktopu, mkuu. Sekunde mbili. Hizo dakika 40 ulikuwa unasali?

Mwenye uzi: Kwa hiyo mlango wameuziba, mimi nitokee dirishani na bado nishukuru?

Fundi Usiku: Ngoja kwanza. Toleo la MAJARIBIO umeliweka kwenye mashine ya kazi? Hilo halirudi nyuma, kiongozi. Ukitaka lile la zamani unapiga upya toka mwanzo. Faili zako zipo pembeni?

Mwenye uzi: Faili si hoja ya uzi huu. Hoja ni kuzima!

Panya Kavu: Hahaha, hazipo pembeni huyo.

Kioo Kidogo: Afadhali wewe unafika hadi kwenye vigae ukavifungua. Kimashine changu kina skrini ya 1024 kwa 600. Kila programu ya vigae nikiigusa naambiwa skrini haitoshi, wanataka 1024 kwa 768. Safu 168 za nukta ndizo zinanifanya yatima!

Mama Jedwali: Nyie mnalia leo? Mimi tangu 2007 sijawasamehe waliofuta menyu zangu zote kwenye Word na Excel wakabandika ule utepe wa vitufe juu. Kazi niliyokuwa naifanya macho yamefumba, nikaanza kuwinda vitufe kama mwanafunzi.

Panya Kavu: Mama, utepe mbona ni mzuri tu.

Mama Jedwali: Mzuri kwako wewe unayeandika barua moja kwa mwaka. Mimi nashinda kwenye majedwali kutwa.

Fundi Usiku: Tuacheni utepe. Printa yangu tangu jana inasema karatasi imekwama. Nimeifungua yote, nimeingiza mkono hadi kiwiko. Hakuna karatasi!

Kioo Kidogo: Usinikumbushe printa! Yangu imegoma kuchapa maandishi meusi, eti wino wa manjano umeisha. Manjano ya nini kwenye maandishi meusi?

Mwenye uzi: Jamani, turudi kwenye kuzima...

Mama Jedwali: Ya kwangu ilikaa kimya wiki nzima, jana imeamka ikachapa barua ileile mara tisa.

Panya Kavu: Fundi, chomoa waya wa umeme uache kidogo, halafu uchungulie mlango wa nyuma. Ya kwangu ilikuwa na kipande kama ukucha.

Fundi Usiku: Nimechungulia. Nimekiona. Sasa kimeingia ndani zaidi.