Maepo ya Lushoto yamenigeukia uji mara ya pili, nakosea wapi?

FundiSpoku (Tanga)

Habari za jioni wakubwa. Mimi ni fundi baiskeli, kibanda changu kiko Ngamiani, na jikoni ninachokiweza ni chai ya rangi, ugali na mayai. Nikiuliza ya kitoto mnivumilie.

Mke wangu ana mimba ya miezi mitano, na tangu Alhamisi hataki kingine ila "yale maepo ya viungo". Kabla hatujaoana alifanya kazi za ndani kwenye nyumba moja Raskazone, na mama mwenye nyumba alikuwa akiyapika hapohapo jikoni, bila ovena. Yanatoka vipandevipande, rojo lake linang'aa kama asali, nyumba nzima inanukia mdalasini. Namna ya kupika haikumbuki. Anakumbuka kula.

Shemeji yangu hupakia mboga kutoka Lushoto. Jumamosi akanishushia ndoo ndogo ya maepo ya kijani, madogo, makali kama ukwaju. (Nasema epo kwa makusudi. Niliposema tufaha, mama mkwe alikwenda sokoni akaniletea yale mekundu ya huku kwetu pwani, yenye kokwa moja kubwa na nyama kama sifongo. Tuliyala kwa chumvi, matamu, lakini siyo yenyewe.)

Mara ya kwanza nilimenya sita, nikayachemsha kwa vikombe viwili vya maji mpaka yakalainika, ndipo nikatia sukari. Uji mtupu. Mke wangu alionja kijiko kimoja akasema, "Hiki chakula cha mtoto, na mtoto hajazaliwa."

Mara ya pili nikakumbuka kwamba kwenye pilau viungo hutangulia kukaangwa. Nikachoma samli kwenye kikaango cha chuma, nikamwaga mdalasini wa unga vijiko viwili, moshi ukafuka, nikatupia maepo humohumo pamoja na maji kikombe. Harufu ilifika hadi kwa jirani, akaja kuuliza tunapika nini. Mdomoni ni uchungu, na rangi yake kama grisi ya cheni. Tena uji vilevile.

Nina jiko la mkaa, na mtungi mdogo wa gesi unaokaribia kwisha. Maepo yamebaki kumi na tisa. Nisaidieni.

MamaSamli

Pole mwanangu, na Mungu amfikishe mkeo salama.

Maji ndiyo yanayokuponza. Umewahi kuona embe mbichi zikipikwa kwa sukari? Tunda likiiva ndani ya shira hushikamana, likiiva kwenye maji matupu hulegea mpaka likamwagika. Wewe umelilegeza kwanza, ukaja kutia sukari limeshakufa.

Fanya hivi. Menya sita, toa kokwa, kata vipande vinene kama kidole gumba. Usikate vyembamba eti viive upesi, vitakuyeyukia. Kamulia nusu ndimu visiwe vyeusi, tia sukari vijiko vinne vikubwa, changanya, funika bakuli, kaendelee na baiskeli zako nusu saa. Ukirudi utakuta vimetoa maji vyenyewe. Hayo ndiyo maji yako, usiongeze hata tone.

Sasa sufuria pana, ili vipande vilale visipandiane. Samli kijiko kimoja kikubwa, moto mdogo. Tia mdalasini wa kijiti, urefu wa kidole, karafuu mbili, iliki tatu umezipasua. Vikianza kunukia tu, mimina maepo na maji yake. Funika dakika tano. Funua, acha rojo lipungue kama dakika nane au kumi. Mwiko weka mbali! Shika sufuria uitikise. Wanaume mkishika mwiko mnakoroga kama mnasonga.

Kungumanga usimtilie. Kidogo haina neno kwa mtu mwingine, lakini ikizidi inalevya, na huyo ni mjamzito.

KokiMstaafu

Bi mkubwa kamaliza, mimi naongeza mawili matatu. Nimepika melini miaka, na maepo nimeyamenya kwa magunia.

Kikaango cha chuma na kitu chenye ukali havielewani. Epo la kijani na ndimu hutafuna chuma, chakula kinakuwa cheusi na kinakuwa na ladha ya msumari. Kwa hiyo ile rangi ya grisi siyo mdalasini peke yake. Tumia sufuria ya stili.

Mdalasini wa unga hauvumilii mafuta ya moto, unaungua kabla hujageuka. Ukiwa huna vijiti, tia unga mwishoni, wakati rojo limeshakuwa zito, nao usizidi nusu kijiko cha chai. Vijiko viwili, ndugu yangu, ni vya sufuria ya shughuli.

Halafu ukali wa epo siyo dalili kwamba litasimama. Uingereza wana aina moja inaitwa Bramley, kali kweli, na ikiona moto inakuwa povu. Wenyewe wanaipenda kwa hilohilo. Ya kijani tunayouziwa mjini kutoka Afrika Kusini husimama vizuri. Ya shemeji yako siyajui ni ya mbegu gani, kwa hiyo pika moja kwanza. Likigeuka uji hata ndani ya sukari, basi kubali uji, upake kwenye mkate.

Mtu_wa_Kaole

Sisi Bagamoyo tunauliza: tui liko wapi? Kitu kitamu hakina tui, hiyo si dawa ya kikohozi?

MamaSamli

Mwanangu wa Kaole, umeona hapo juu nimesema ndimu? Tui ukilichemsha pamoja na ukali linakatika, linakuwa kama maziwa yaliyoganda vibaya. Anayetaka tui achuje lile zito la kwanza, atie chumvi kidole, alipashe pembeni lisichemke, amwagie juu ya sahani wakati wa kula. Na sukari apunguze kijiko, nazi nayo ina utamu wake.

KokiMstaafu

Na kwenye mkaa, fundi, ngoja moto uchakae. Makaa yakishavaa majivu ndiyo uteleke. Ukiyaweka kwenye makaa mapya chini yataungua na juu yatakuwa mabichi. Gesi itunzie chai ya alfajiri.

FundiSpoku (Tanga)

Nimerudi. Jana nilipika moja kama alivyosema koki, likasimama. Leo nimepika sita.

Nusu saa ya kungoja nilikuwa nanyoosha rimu ya mteja, ikawa saa nzima. Nilipofunua bakuli, maji yamejaa mpaka nusu ya vipande, nikadhani mama mkwe ameongeza. Anaapa hakugusa.

Kuitikisa sufuria ya moto kwa kitambaa siyo mchezo, kipande kimoja kiliruka kikaangukia majivuni. Lakini rojo limetoka! Linavutika. Nilipolitia kijiko likaacha njia chini ya sufuria kwa muda kidogo kabla halijajifunga, nikasema hapa ndipo, nikaepua. Rangi ni ya chai ya maziwa iliyokolea, siyo asali, nadhani kwa sababu nilitumia sukari guru nusu, ndiyo iliyokuwepo.

Kosa moja: karafuu sikuzitoa. Mke wangu kaing'ata moja, akanitazama. Baada ya hapo alikula sahani nzima na chapati ya asubuhi, bila tui, samahani ndugu wa Kaole. Mama mkwe naye alisema yeye haonji vitu vya kizungu, kisha akafuta sufuria kwa kidole.

Nikauliza, je, ni yenyewe? Mke wangu kafikiri kwanza. Anasema imekaribia, ila zile za Raskazone, sasa ndiyo amekumbuka, zilikuwa na zabibu.

Wiki nzima hakuzitaja. Zabibu kavu zinaingia lini, wakubwa? Maepo yamebaki kumi na mbili.

MamaSamli

Bakulini, pamoja na sukari, zinywe yale maji zivimbe. Kiganja kimoja kinatosha. Na karafuu zihesabu wakati wa kutia, uzihesabu wakati wa kutoa.