Refa anapokea simu mimi niko laini ya fri throo (mtupo huru wa kikapu)!!!

Wakuu nimetoka uwanjani sasa hivi, viatu sijavua, nisiposema nitapasuka. Yule refa wetu mnamjua, yule filimbi kaifunga na kamba ya kiatu, leo kaniua.

Tuko nyuma pointi 1, zimebaki sekunde 3, nina fri throo 2. Nimedundisha mpira, nimevuta pumzi, uwanja kimya mpaka unasikia chipsi zinavyokaangwa ng'ambo ya barabara. Nanyanyua mikono tu, SIMU YAKE INAITA. Taarabu, sauti mpaka mwisho. Si upige filimbi tusimame? Jamaa anapokea! "Niko kwenye mechi, nakupigia." Filimbi iko pembeni ya mdomo kama kijiti cha meno. Mpira ukanitoka, haujagusa hata chuma. Naye bila aibu ananyoosha kidole, bado mmoja. Huo nao nikakosa, mikono inatetemeka.

Mpinzani akikuchanganya ukakosa unarudishiwa mtupo. Refa akikupigia taarabu je?? Namfuata ananijibu eti una sekunde 5, nilikuwa nakuhesabia. Unahesabu saa ngapi na uko kwenye simu? "Niko kwenye mechi, nakupigia." Mechi gani baba??

Dogo wa Kona: Taarabu ipi lakini? Maana kuna zingine hata mimi ningeachia mpira nicheze 😂

Mzee Ribaundi: Nilikuwepo. Wa pili simu ilishakatwa zamani, na ule mpira ulipita juu ya ubao ukaangukia baiskeli ya muuza karanga. Shaquille O'Neal kamaliza NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kaingiza asilimia 52.7 tu ya fri throo zake, hakuwahi kusingizia simu.

Mleta uzi: Mkuu wa pili nilikuwa bado naisikia kichwani.

Kitabu cha Sheria: Alitakiwa apulize kabla mpira haujatoka mkononi, mpira unakufa, unapewa upya. Saa yenyewe imesimama, haraka ya nini?

Jembe: Ndo maana tangu Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet achaguliwe namba 2 kuingia NBA mwaka 2009 tunasubiri mwingine mpaka leo.

Mtoto wa Ndondo: Afadhali wenu kapokea simu kabaki. Wetu wa soka ni bodaboda, dakika ya 80 kapata abiria, kapanda pikipiki kaondoka na filimbi yake.

Dogo wa Kona: 😂😂😂 abiria alilipa ngapi

Mama Wawili: Msinikumbushe bodaboda, jana kanidai buku 3 sokoni mpaka kanisani, hapo hata mgongo haujapata moto.

Jembe: Buku 3 unalia? Kwetu buku 5 na helmeti anavaa yeye.