Hoteli na maofisi ya Dodoma: msanii wa hapa mnamtaka, sanaa ya hapa hamuitaki

Wakuu, mbukwenyi.

Nina hasira, kwa hiyo mtanivumilia. Hizi kelele ni za wachoraji na wachongaji wa Dodoma, na zinawahusu wateja wetu wapya, hawa waliokuja na makao makuu ya serikali.

Juzi kati niliitwa kwenye hoteli moja mpya hapa mjini. Ukuta wa mapokezi mrefu, mweupe, umepigwa skimu vizuri, mchoraji akiuona mate yanamtoka. Bosi akasema anataka "kitu cha asili". Nikaenda nyumbani nikachora mifano. Wa kwanza, akina mama wa Kigogo kwenye muheme, ngoma wamezibana mapajani, shanga shingoni. Wa pili, mawe ya kilima cha Mlimwa hapa mjini na mbuyu wa kiangazi usio na jani hata moja. Wa tatu niliutoa kwenye michoro ya kale ya miambani kule Kolo, Kondoa, rangi nyekundu tupu.

Akaipitia harakaharaka huku anachezea simu. "Fundi, nzuri, ila wageni watazielewa kweli? Nichoree Mmasai anaruka, nyuma yake Kilimanjaro."

Kilimanjaro! Kutoka Dodoma! Mtu amejenga ghorofa katikati ya nchi ya Wagogo, dirishani kwake anaona mawe makubwa kuliko hoteli yenyewe, halafu anataka theluji.

Na si yeye peke yake. Ingia ofisi nyingi za huku, utakuta ni twiga wa Tingatinga na kinyago cha Kimakonde pale mlangoni, basi. Sina ugomvi na Tingatinga. Mzee Edward Saidi Tingatinga alitoka kusini, Tunduru, akaja kuchorea Dar kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, kwa sababu ndivyo alivyoweza kuvipata. Alifariki mwaka 1972. Yule alikuwa na jicho lake na mkono wake. Ninyi mnachoning'iniza ni nakala ya nakala ya nakala, imenunuliwa kwa bei ya jumla, halafu mnatuambia tuige hiyo.

Twiga kama mnamtaka sana, mbona Kolo yupo. Shika barabara ya Kondoa uende ukamwone, alichorwa na watu ambao hata majina yao hayajulikani. Mapango na miamba yenye michoro kule ni zaidi ya 150, na tangu 2006 ni Urithi wa Dunia wa UNESCO. Watu warefu, wembamba kama fito, vichwa vimesukwa au vimevishwa kitu, mpaka leo wataalamu wanabishana. Swala, tembo. Wekundu wa mawe yaliyosagwa, na juu yake kuna sehemu michoro myeupe ya watu waliokuja baadaye. Baadhi ya mapango wenyeji bado wanayatumia kwa matambiko, kwa hiyo si makumbusho yaliyokufa yale. Mimi uchoraji wangu umebadilika pale. Wale wazee hawakuhangaika na sura ya mtu, macho wala pua. Mgongo ukiinama unajua huyu anacheza, mguu ukitanuka unajua huyu anakimbia. Nikirudi mjini nikiona vijana wa bodaboda wamejiinamia kivulini Sabasaba saa nane mchana, naiona migongo ileile. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuiweka ukutani kwenu.

Lakini mnasema Dodoma ni vumbi tu. Sawa, ni vumbi, lakini mmeiangalia rangi yake jua linapozama? Na Mgogo akitajwa, utani wenu ni ule ule wa ombaomba. Nyumba ya tembe, vibuyu, njuga, zeze, vyote hivyo hamvioni.

Wenzetu wa muziki ndiyo usiseme. Hukwe Zawose, mtoto wa Kigogo, ilimba, ile ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na zeze vilimfikisha mpaka studio za mwanamuziki Peter Gabriel, Uingereza. Alifundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akafariki 2003. Wazungu walimsikiliza kimya, wakalipa kiingilio. Huku kikundi cha ngoma kinaitwa kwenye uzinduzi, kinachezeshwa juani tangu asubuhi wageni rasmi wakichelewa, jioni kinapewa soda na nauli ya kugawana.

Sasa njoo kwenye hela. Kazi kubwa hatuzipati kwa sababu mteja anataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, anataka profoma, yaani ankara ya awali, anataka kampuni. Kampuni ya mapambo inatoka Dar, inachukua zabuni, halafu inatupigia simu sisi sisi tuje kupaka kwa posho ya siku. Mchoro ukiisha, chini kabisa kuna jina la kampuni. Ukiuliza unaambiwa, "dogo, si utajulikana?" Nitajulikanaje na jina langu halipo?

Na msije hapa na lile jibu la "jiongezeni, sajilini kampuni". Wengine tumesajili. Tukipeleka makadirio tunaulizwa kama tunaweza kuchora simba.

Wenye maofisi mnaosoma humu, mkija kwangu njooni na ukuta na vipimo vyake. Kianzio ni nusu, rangi nanunua mwenyewe, jina langu linakaa pale chini kulia. Mlima wa theluji sichori, anayeutaka akapande basi la Moshi.