SSH kwenye swichi ya Cisco inakataa pasiwedi ila konsoli naingia

mtandao_tu: Wakuu habari, juzi nimeiunganisha swichi na seva ya RADIUS (inayohakiki pasiwedi za wanaoingia), sasa kwa SSH, yaani kuingia kwa mbali kupitia mtandao, pasiwedi inakataliwa, hata akaunti ya ndani ya swichi nayo inagoma wakati nimeweka "group radius local" kabisa, yaani RADIUS kwanza kisha akaunti za ndani. Shida nini?

fundi_kebo: Hapo kwenye local ndo wengi wanapigwa mkuu. Swichi inarudi kwenye akaunti ya ndani pale tu seva isipojibu kabisa, ikijibu hapana basi imeisha hiyo. Konsoli (kuingia kwa kebo moja kwa moja) inakubali kwa sababu bila shaka ina orodha yake ya njia za kuhakiki anayeingia. Cheki logi za seva, ukiona pasiwedi imefika kama maherufi ya ajabu ajabu ujue ile siri ya pamoja (neno la siri) ya swichi na seva hazifanani, maana RADIUS inaficha pasiwedi kwa siri hiyohiyo.

dada_ping: Na spesi mwishoni mwa siri Cisco inaihesabu, ukikopi na kupesti inaingia kimyakimya. Konsoli usiifunge kwanza, washa amri ya "debug radius" uone swichi na seva zinavyowasiliana.

mtandao_tu: Spesi kweli ipo aisee 😅 ngoja niandike upya